Kutoka Kayanga hadi Makindu

Kwetu Karagwe mgeni hupokewa kwa kahawa ya kutafuna. Huletewa buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, kisha zikakaushwa. Akishatia chache mdomoni ndipo mazungumzo yanaanza, na haichukui muda ataulizwa ni wa ukoo gani. Jibu lake ndilo linalopanga mapokezi yote yanayofuata.

Katika hekalu la Kalasinga la Makindu, Ukambani, kando ya barabara ya Nairobi na Mombasa, sikuulizwa hata jina. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa na kuketi. Mhudumu anapita na ndoo ya dengu. Chapati unaikinga kwa mikono miwili. Sahani ikikaribia kwisha anarudi, na usipoizuia kwa kiganja anaongeza. Pembeni yangu alikaa dereva wa lori mwenye mafuta ya injini kwenye kucha, akifuatiwa na mama wa Kikamba na mtoto wake. Hakuna bei. Ukichoka, vyumba vya kulala vipo, na anayetaka kuchangia huchangia.

Desturi hiyo, langar, ilianza Punjab enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyezaliwa mwaka 1469: tajiri na fukara waketi chini mstari mmoja, wale chakula kimoja. Afrika Mashariki ilifika na reli. Kuanzia 1896 Waingereza walileta zaidi ya watu 30,000 kutoka India kujenga njia ya kutoka Mombasa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wapatao 2,500 walikuwa wamekufa. Kalasinga wengi walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Makindu kilikuwa kituo cha kuhudumia injini za mvuke, na waliowekwa hapo wakawa wanakusanyika kusali. Mwaka 1926 wakajenga hekalu. Baadaye kazi za reli zikahamia kwingine, waumini wakaondoka nazo, nyumba ikabaki karibu tupu.

Kilichoiokoa ni jiko. Kalasinga wa miji mingine waliendelea kulitunza, na wasafiri wa barabara wakakaa palipoachwa na mafundi wa reli.

Nikiwa pale nilifikiria Bweranyange, makao ya zamani ya wafalme wa Karagwe. Mwaka 1861 Mukama Rumanyika aliwapokea wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, kwa ukarimu ambao wenyewe waliusifu sana. Grant, mguu ukimsumbua, alibaki kwake kwa miezi kadhaa akitunzwa. Naona fahari kuisimulia habari hiyo. Lakini mlango ule ulikuwa wa mfalme, aliufungua kwa aliyemtaka, na nguvu za ikulu zilipokwisha mapokezi yake yalikwisha nazo. Makindu mlango si wa mtu mmoja, na hilo naliona kubwa kuliko kuta zake.

Huku kwetu, wilaya jirani ya Kyerwa, malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Murongo kwenda Uganda hulaza watu nje. Mjini Omurushaka basi likiharibika usiku, abiria asiye na ndugu wala fedha huketi barazani kwa mtu hadi kuche. Makanisa na misikiti iko njia nzima, ndizi na maharage tunavuna wenyewe. Nimewaeleza wazee wa kanisa letu kwamba nasi tungeweza kufungua jiko la namna hiyo. Waliuliza kwanza nani atapika, nikawaambia kwa Kalasinga kupika, kugawa na kuosha vyombo ni ibada, na watu hujitolea. Mzee mmoja alitaka kujua kama wanawake peke yao ndio watakaoachiwa masufuria. Nilimjibu kwamba Makindu niliona wanaume wakigawa chakula.