Rangi Juu ya Ufa



Juma hili hatutaandika juu ya masomo ya Dominika. Tumeshinda siku tatu uani pa nyumba ya mapadri, mikono ikinuka thina, tukishughulika na propela ya boti, na jambo lililotukia hapo bado halijatutoka moyoni.

Boti yenyewe ni ya vijana wanne wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Wawili ni waumini wetu, wawili ni Waislamu, nao huvua dagaa kwa taa wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Siku moja, maji yakiwa yamekupwa, waligonga mwamba. Propela yao ya alumini ikachubuka, na panga moja kati ya matatu likapinda ncha. Wakatuletea sisi kwa sababu tunayo jiliwa, na pia kwa sababu mwaka jana sisi ndio tulioipaka rangi.

Hapa yatupasa kuungama. Rangi tuliyotumia mwaka jana ilikuwa masalio ya ile nyekundu yenye shaba, ipakwayo chini ya mashua za mbao ili viumbe vya baharini visigande. Wazee wa pwani hii walipaka deheni, yaani mafuta na chokaa, ili kulinda vyombo vyao, na mbao hazikudhurika. Alumini ni habari nyingine. Shaba na alumini zikigusana katika maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na alumini ndiyo huliwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa mashine za boti hufunga kipande cha zinki karibu na propela, kiliwe chenyewe kwanza na kuinusuru alumini. Nasi, kwa kupenda unadhifu, tulikipaka rangi hata hicho kipande cha zinki, kisiweze tena kufanya kazi yake. Seminari ilitufundisha Kilatini. Habari za maji ya chumvi tumefundishwa na propela ya watu.

Tulipoikwangua ile rangi nyekundu tulikuta vishimo vingi, mfano wa uso wa mtu aliyepona ndui. Tukashika tupa. Jirani yetu, mzee fundi wa mashua, akatuzuia.

“Ngoja, Padri. Kwanza iulize kama inaumwa.”

Akaipaka mafuta ya taa, akaifuta hadi ikakauka, akanyunyiza unga wa chaki. Tukangoja. Punde mstari mwembamba kama unywele ukajichora juu ya ule weupe, kwenye shina la panga. Wala si lile lililopinda, bali lile tuliloliona zima kabisa. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yakitoka. Na ufa ulianzia katika kimojawapo cha vile vishimo.

Vijana wakatazamana. Mkubwa wao akasema kwa upole, “Baba Padri, giza limebaki siku sita. Ipake tu. Tukirudi na dagaa tutanunua nyingine.”

Ndugu zangu, kwa dakika kadhaa tulitaka kukubali. Tungependa kusema ni kwa kuwahurumia, kwani boti ina mkopo. Lakini chini ya rangi mpya ufa ule ungekuwa siri, na kosa letu pia lingekuwa siri. Tukaanza hata kuwasimulia habari za Francis Pettit Smith, Mwingereza ambaye mwaka 1837, akijaribu propela yake ya mti katika mfereji mmoja jijini London, kipande chake kilivunjika na boti ikaongeza mwendo badala ya kusimama. Vijana wakacheka. Mzee hakucheka.

“Huyo alikuwa mferejini, Padri. Angeshuka akatembea. Hawa watakuwa nje ya mwamba, usiku.”

Basi tukawaeleza yote: shaba, zinki, na mkono wa nani ulioipaka. Mkubwa wao aliinuka, akaenda kukaa peke yake chini ya mwembe.

Propela nyingine, iliyokwisha tumika, tulinunua kwa mwenye boti mmoja mjini. Nusu ya fedha tulitoa mfukoni mwetu, si katika sadaka. Ilibidi upana, mlalo wa mapanga na meno ya shimo la shafti vilingane na ile ya kwanza. Nayo pia tuliipima kwa chaki kabla ya kuiosha kwa sabuni na maji baridi. Tulilainisha kingo kwa tupa, kidogo kidogo, kisha tukaitundika kwenye ufito laini na kuizungusha: panga zito hushuka chini lenyewe, nalo ndilo la kupunguzwa. Tukaisugua kwa msasa, si kwa brashi ya waya wa chuma, maana chembe za chuma hubaki ndani na kuanzisha kutu. Praima ya alumini haikusubiri kesho, kwa kuwa alumini iliyosuguliwa hushika utando upesi, na rangi haishiki vema juu yake. Ndipo zikafuata rangi nyeusi isiyo na shaba, mara tatu, nyembamba, na kipande cha zinki kipya kisichopakwa kitu. Shimo la shafti tuliziba kwa karatasi lisiingie rangi. Baadaye likatiwa grisi. Nyuma ya propela ya zamani Mzee alikuta mshipi umejiviringa kwenye shafti. Ukiachwa hukata sili, maji yakaingia katika oili ya gia, ikawa nyeupe kama maziwa.

Kijana yule mkubwa aliifunga nati na pini mpya kwa mkono wake mwenyewe, wala hakutupa spana tulipoinyoosha mikono. Waliambulia siku mbili tu za giza.

Waliporudi, Mzee aliibana ile ya zamani kwenye jiliwa, akalipiga panga lenye ufa nyundo moja, asije mtu akaipaka rangi na kuiuza. Likakatika. Kijana akaliokota, akaligeuza mara mbili kulitazama, akalitia katika kikapu cha nyavu bila kusema neno.