Agosti ya Njuga na Matope

Je, msomaji, umewahi kufika Bungoma mwezi wa Agosti katika mwaka wa shufwa, kama vile 2022 au 2024? Kama bado, fanya hima. Panda basi la usiku kutoka Nairobi, ulale hadi upite Eldoret, lakini ukifika Webuye uwe macho. Utasikia mlio wa chuma kabla hujamwona mtu. Hizo ni chinyimba, kengele ambazo mvulana wa Kibukusu hushika mikononi na kuzigonga kwenye bangili za chuma huku akicheza. Usidhani ni mchezo wa likizo. Anazuru shangazi, babu na jamaa wa mbali kuwaarifu kwamba siku yake imewadia. Asiyearifiwa hununa, na kununa kwenyewe si kwa wiki moja!

Mimi nilikwenda mwaka wa 2024 nikiwa na kazi maalumu, kwa kuwa mpwa wangu, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akitahiriwa. Shemeji yangu alitaka apelekwe hospitali: sindano ya ganzi, dakika chache, mambo yamekwisha. Hakukosea. Tangu 2007 Shirika la Afya Duniani limependekeza tohara ya wanaume iwe sehemu ya kinga dhidi ya Ukimwi, baada ya uchunguzi uliofanywa Kisumu, Uganda na Afrika Kusini. Lakini nyanya yake aliuliza swali moja tu: "Huko hospitali, ni nani atakayemshuhudia?" Kijana mwenyewe, ambaye Kibukusu chake ni cha kuombea maji, alisema anataka mto. Tukaafikiana: mto uwe mto, ila ngariba awe amepata mafunzo ya usafi, na kila mvulana awe na kisu chake.

Mjomba ndiye mwenye zamu siku ya kuamkia tohara. Nilichinja fahali (bei yake ilinitoa jasho, nakwambia), nikakata nyama ya kidari waiitayo luliki, nikamvisha shingoni. Desturi humtaka mjomba amkaripie mpwawe: kama wewe ni mwoga, rudi kwa mamako sasa hivi. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na moyoni nilitamani akubali kurudi. Hakurudi. Damu ya ile nyama ilimtiririka kifuani naye akatazama mbele.

Alfajiri, kabla jogoo hawajachoka kuwika, wanapelekwa mtoni. Baridi ya Bungoma saa kumi na moja unaijua? Anapakwa matope mwili mzima, na nyasi zinasimikwa utosini. Wanarudi kwa njia nyingine, si ile waliyojia, wakiimba Sioyaye, na kijiji kizima kinakimbia nyuma yao. Kisha anasimama wima uani kwa babake, bila ganzi, bila kupepesa jicho. Mara kipenga, mara vigelegele.

Hapa nitasema lililo moyoni mwangu. Mvulana akitikisika, kuna watu watakaomcheka hata akiwa na wajukuu, na hilo mimi silikubali. Na wale wahuni ambao msimu ukifika huwakamata wanaume wa makabila mengine na kuwatahiri kwa nguvu, hao ni wahalifu, mila hawaijui. Jirani zetu Waluo jadi yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, na nani atasema wazee wale hawakuwa wanaume? Ng'ambo ya mpaka, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Wamasaba wa Mbale ndio ndugu zetu katika jambo hili. Wao huita imbalu, nao pia hufuata miaka ya shufwa.

Wageni wengi huondoka vigelegele vikiisha. Wanakosa uhondo. Siku chache baadaye ngariba hurudi kuwafunda wavulana, na maneno yake ni ya mafumbo. Mlango ulio wazi, ingia. Mlango uliofungwa si wako. Mtu mzima huelewa kwamba anazungumzia wake za watu. Wavulana hukaa pamoja hadi vidonda vipone, na wanaotahiriwa wakati mmoja huwa rika moja maishani. Majina ya marika ni manane, yakiwemo Maina, Nyange na Kolongolo, nayo huzunguka, hata jina likarudi baada ya takriban miaka mia moja. Mpwa wangu alipoambiwa kwamba rika lake lilikuwa na wenzao waliokufa kabla babu yake kuzaliwa, alinyamaza kitambo kirefu.

Desemba nilipokwenda kuwaona kwao Nairobi, dada yangu alikuwa chumbani akikunja nguo, mlango umerudishwa. Mwaka uliotangulia kijana angeuvamia kwa kishindo akidai nauli. Safari hii alisimama nje, akabisha hodi, akangoja.

"Karibu," akajibu mamake, naye akaketi kitandani na nguo mkononi, asijue aendelee kukunja au aje kumfungulia.