Jeni Inaanzia Wapi? Amua Mwenyewe

Leo tuache kidogo mambo ya simu na tovuti, tuzungumzie DNA. Msikimbie! Kwetu sisi waandika programu, jenomu ni faili ya maandishi yenye herufi nne tu: A, C, G na T.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimsaidia rafiki yangu anayefundisha baiolojia wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mimi nashika upande wa tarakilishi. Tunachambua jenomu ya Muddy, ambayo ni faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Ina herufi kama 48,000, sawa na kilobaiti 48 hivi. Picha ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo, kwa hivyo hata tarakilishi kuukuu inatosha.

Rafiki yangu aliniambia, "Kaka, si utuandikie programu itafute jeni zote, vijana wapate jibu upesi?" Nilikataa. Niliandika programu fupi inayoonyesha tu mahali jeni zinapoweza kuanza na kuishia.

Sababu ni hii. Jeni za faji hizi huanza kwa ATG, GTG au mara chache TTG, na huishia kwa TAA, TAG au TGA. Mwisho huonekana kwa urahisi. Mwanzo ndio kizungumkuti, maana jeni moja yaweza kuwa na mianzo kadhaa inayowezekana. Programu kama Glimmer na GeneMark hukisia vizuri, lakini wakati mwingine hazikubaliani. Hapo lazima mtu aamue. Je, jeni hii inaingilia ya jirani? Faji za ukoo huo zinaanzia wapi? Asiyezoea kuamua ataamini chochote kinachotokea kwenye skrini.

Na si mchezo. Muddy ilipatikana mwaka 2010 na mwanafunzi huko Durban, Afrika Kusini, kwenye biringanya iliyooza. Mwaka 2018 ilikuwa mojawapo ya faji tatu alizopewa msichana wa miaka 15 jijini London. Alikuwa amepandikizwa mapafu, bakteria wakamvamia, dawa zikashindwa. Faji zile nyingine mbili ilibidi kwanza ziondolewe jeni inayozifanya zilale ndani ya bakteria badala ya kumuua. Utakataje jeni usiyojua inaanzia wapi? Msichana alipata nafuu kubwa, na ripoti ikachapishwa 2019.

Marekani, mradi wa SEA-PHAGES umekuwa ukifundisha hivi tangu 2008: wanafunzi huchota udongo, hutafuta faji, DNA yake husomwa, kisha huchambua jeni moja baada ya nyingine.

Juzi wanafunzi wetu wawili walibishana nusu saa, mmoja akishikilia ATG, mwenzake GTG iliyo nyuma yake kidogo. Wakanigeukia: "Mwalimu, nani kashinda?" Nikawaambia walete ushahidi.

Nawe jaribu. Jenomu ya Muddy inapatikana bure GenBank. Anza kwa kutafuta ATG, halafu uniambie umekwama wapi.