Masisi: Redio ya gari iliyokula majina ya vijiji

Kashebere, mahali Masisi inapoisha na Walikale inapoanza. Jua linaingia. Jeep moja ya Toyota imesimama juu ya kilima, milango yote wazi, pua yake ikielekea mteremko. Ndani hakuna mtu. Wote wako nje: akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wawili wa moto waliozima mashine zao, mzee mmoja aliyeegemea fimbo. Kando ya gurudumu, mtoto wa shule ameketi na kaye na kalamu. Hakuna anayesema. Habari za jioni zinasomwa, na kila neno linasikika.

Zamani haikuwa hivyo.

Shofere mwenye jeep hiyo ni mtoto wa Masisi. Kazi yake ni kubeba watu, maharage, viazi na jibini kati ya Masisi-centre, Sake na Goma. Barabara ikikubali, anapita Nyabiondo na kufika Kashebere. Jeep aliinunua ikiwa imetumika Japani miaka mingi, usukani upande wa kuume, na redio yake ilikuwa ile ile iliyotiwa kiwandani. Muziki wa kwenye USB ilikuwa inapiga kidogo. Lakini kwa habari, ilikuwa inakoroma kama mafuta yanayokaangwa.

Msimu mmoja wa maharage, mbele ya vita kuingia Masisi-centre, aliegesha hapo mjini jioni kama kawaida. Wahami waliokuwa wakiishi katika familia za mapokezi walikuja kuzunguka milango, kwa sababu si kila nyumba ina redio, na betri za tochi zinagharimu. Msomaji wa habari alikuwa akieleza kwamba watu wanahama kutoka Nya… na hapo sauti ikaliwa.

Mzee mmoja alisema ni Nyamitaba. Kijana akasema ni Nyabibwe. Mama mmoja, ambaye kwao ni upande wa Nyabiondo, aliweka mkono kifuani.

«Papa shofere, wamesema wapi?»

Shofere hakuwa amesikia zaidi ya wengine. Lakini redio ilikuwa yake, na aliona haya kusema hajui.

«Nafikiri ni Nyabiondo, mama.»

Yule mama alikuwa amefunga mzigo wake tayari. Asubuhi alitaka kwenda kuvuna maharage pamoja na mama yake mzee, aliyebaki kijijini, na kumrudisha naye. Usiku ule akafungua mzigo. Mvua ikanyesha siku nyingi. Mfanyabiashara aliyetoka Goma ndiye aliyeleta habari kamili: kijiji kilichotajwa kilikuwa Nyabibwe, kule Kalehe, katika Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya Bukavu. Mama alipofika shambani kwao, maharage mengi yalikuwa yameota ndani ya maganda. Mzee alikuwa amevuna peke yake kile ambacho mgongo wake uliweza kubeba.

Mama hakumgombeza shofere. Alimwambia tu: «Si kosa yako, papa. Ni redio.»

Neno hilo lilimwuma kuliko matusi, kwa sababu alijua kwamba redio haikutaja Nyabiondo. Yeye ndiye aliyetaja.

Aliposhuka tena Goma, karibu kilometa 80 kutoka Masisi-centre, alikwenda moja kwa moja Birere, kule ambako vipuri na vyombo vya umeme vinauzwa ubavu kwa ubavu. Alikuwa na pesa alizoweka akiba, na alijua anachotaka: bafle mbili kubwa za nyuma na ampli. Sauti isikike mpaka kwenye nyumba ya mwisho.

Fundi hakugusa kitu kwanza. Aliingia, akafungua redio mashine ikiwa imezimwa, akasikiliza. Kisha akawasha mashine, akakanyaga mafuta kidogo, akasikiliza tena. Akatoa redio mahali pake, akavuta waya wa antena, akaonyesha kiboksi kidogo kilichofungwa kwa utepe.

«Papa, hii redio haiko mgonjwa. Ilizaliwa Japani tu.»

Akamweleza. Kule Japani, FM ilianza kwenye 76 na kuishia 90. Masafa ya kutoka 90 hadi 108 yalikuwa ya televisheni za zamani, chaneli ya kwanza hadi ya tatu, mpaka Wajapani walipozima televisheni hizo mwaka wa 2011. Siku hizi FM yao imepanda mpaka 95. Lakini Kongo, kama sehemu kubwa ya dunia, FM inatoka 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya gari la Japani inashika kipande kidogo tu cha stesheni zetu. Radio Okapi, kwa mfano, iliyoanza tarehe 25 mwezi wa pili mwaka wa 2002 na inayosoma habari pia kwa Kiswahili, inasikika Goma kwenye 105.2. Redio ya Japani haifiki huko hata ukizungusha kitufe mpaka kesho.

Kile kiboksi ndicho dawa ambayo wengi wanatumia. Kinakaa kati ya antena na redio, kinashusha masafa. Kikishusha 20, stesheni ya 105.2 inasikika kwenye 85.2. Kazi yake ni nzuri, lakini kina masharti: kinahitaji umeme wa volti 12 ulio safi, na chuma chake kifungwe vizuri kwenye masi. Cha shofere kilikuwa kinaning'inia. Tena kila stesheni inayopita humo inapungua nguvu kidogo, kwa hiyo antena lazima iwe nzima. Antena ya jeep ilivunjwa na tawi zamani, na mahali pake paliwekwa kipande cha waya kisichofika urefu wa kiganja. Kwa FM zetu, antena ya gari inapaswa kuwa na sentimeta 70 hadi 75 hivi, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi lenyewe.

Mlio ule uliopanda kila alipokanyaga mafuta ulitoka kwa alternata, ukipitia waya wa masi wa redio, uliokuwa umeshika kutu. Fundi aliukwangua mpaka chuma kikang'aa, akaufunga upya.

Kisha milango. Karatasi za bafle mbili za mbele zilikuwa zimepasuka kwa vumbi na unyevu. Aliweka nyingine za inchi 6 na nusu, zilizotumika lakini nzima. Mbele ya kuzifunga, alichukua betri ndogo ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye kila moja. Upande wa betri unaofanya karatasi itoke nje ndio unaoonyesha plus ya bafle. Moja ikifungwa kinyume cha mwenzake, hizo mbili zinavutana, na sauti ya mtu inakuwa kama inatoka kwenye pipa tupu. Alikata mpira wa ndani wa gurudumu la zamani, akautandika chini ya bafle ili bati la mlango lisitetemeke, akaziba matundu makubwa ya mlango.

Shofere aliuliza: «Na ampli?»

Fundi alikataa. Hakukataa kwa dharau, alimwuliza swali.

«Jioni unasikilizisha watu mashine ikizimwa, si ndiyo? Na usiku ukilazimika kutoka mbio?»

Redio peke yake, kwa sauti ya wastani, inakula umeme mdogo. Betri nzima inaivumilia saa kadhaa. Ampli ya kupiga bafle kubwa inaweza kumaliza betri mbele ya watu kwenda kulala, na jeep isiyowaka usiku wa vita ni bati tu. Tena bafle kubwa zinaongeza mdundo, na mdundo hausaidii habari. Sauti zinazotofautisha neno na neno ziko juu, kule kwa konsonanti. Mdundo ukizidi, unazifunika. Fundi akapunguza besi mpaka karibu na sifuri, akazima kile kitufe kinachovimbisha sauti, akapandisha treble kidogo. Msomaji wa habari akasikika kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mbele.

Shofere alirudi Masisi na nusu ya pesa zake mfukoni, na mashauri mawili: redio isipige zaidi ya saa moja bila mashine, na jeep ilale kila siku pua ikielekea mteremko, ili betri ikikataa, ipate kusukumwa.

Halafu mwaka wa 2025 ukaingia. Tarehe 4 mwezi wa kwanza, waasi wa M23 waliingia Masisi-centre. Mwisho wa mwezi huo, Goma nayo ilikuwa mikononi mwao. Tarehe 19 mwezi wa tatu walifika Walikale-centre, kisha wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Katika miezi hiyo familia ziligawanyika: baba akatokea upande wa Goma, mama na watoto upande wa Walikale, nyanya akabaki mlimani kwa sababu miguu ilikataa. Wenye kukimbilia msituni walikaa bila simu, bila moto wa kuchajia. Kwao jina la kijiji lililosikika nusu halikuwa jambo dogo. Nusu ya jina inaweza kumrudisha mtu mahali pabaya, au kumzuia asiende mahali ambapo mtoto wake anamngoja.

Usiku wa kuondoka, jeep iliwaka mara ya kwanza. Ilibeba watu kuliko kiti chake, na magodoro juu. Wahami waliokuwemo hawakujua chochote juu ya ampli ambayo haikununuliwa.

Lakini hata redio iliyotengenezwa haipasui milima. FM inakwenda karibu kama mwanga: kilima kikisimama katikati, sauti inabaki upande wa pili. Ndiyo maana shofere haegeshi tena bondeni, hata kama huko kuna upepo mdogo na watu wanapenda. Anapanda. Anasogeza jeep mbele hatua mbili tatu, anasikiliza, anarudisha nyuma kidogo, mpaka kelele ipungue. Mara nyingine mita moja inatosha kubadilisha kila kitu.

Na kuna ile kaye. Ni yeye aliyeinunua. Kila jioni mtoto mmoja anayejua kuandika anaketi kando ya gurudumu na kuandika vitu vitatu: tarehe, jina la kijiji, na jina la teritware yake. Nyabiondo, Masisi. Nyabibwe, Kalehe. Kibua, Walikale. Jina bila teritware halihesabiwi. Anayefika kwa kuchelewa anasomewa kutoka kwa kaye, si kutoka kwa kichwa cha mtu. Na sauti ikikatika, mtoto ameamriwa kuandika neno moja tu: hatukusikia. Kuna kurasa ambazo neno hilo linarudi mara tatu, mara nne. Hakuna anayeruhusiwa kulijaza baadaye kwa kukisia, hata mwenye jeep.

Jioni hii ya Kashebere, habari zimefika karibu na mwisho. Wingu limeshuka juu ya msitu. Msomaji anataja barabara, anataja daraja, anataja watu wanaorudi makwao, kutoka… na ule ukaangaji wa zamani unarudi, kwa muda wa pumzi mbili tu. Sauti inapokuwa safi tena, wanasoma tayari habari nyingine.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anageuka. Si yule wa maharage; huyu ametoka mbali zaidi.

«Papa shofere, wamesema wapi?»

Wote wanamtazama. Mzee anainua kichwa kutoka kwa fimbo yake.

«Sikusikia, mama. Watasoma tena saa mbili. Tungoje.»

Mtoto anaandika. Shofere anazima redio ili betri ipumzike, na mama anaketi chini kwenye majani, mgongo kwenye gurudumu, akingoja.