Maswali Tunayouliza Uvira

Fishi, yaani karatasi ya kujaza, tuliyoanza nayo kazi hapa Uvira, katika miaka ya mwisho ya vita vile vilivyoanza Agosti 1998, haikufika kurasa mbili. Juu uliandika umri, mtaa au kijiji, hali ya ndoa, idadi ya watoto. Baada ya hapo ilikuja sehemu ndefu kuliko zote, sehemu ya tukio: lini, wapi, washambuliaji walikuwa wangapi, walivaa nini, walisema lugha gani. Chini kabisa, karibu na mahali pa sahihi, palikuwa na visanduku vya kutia alama: matibabu, msaada wa sheria, msaada wa vitu, msaada wa kisaikolojia. Huo ndio uliokuwa mpango wa matibabu. Ulitia alama, ukapeleka fishi ofisini, na mama aliyekuwa mbele yako akaingia katika hesabu ya mwezi.

Sisemi fishi ile ilikuwa ya bure. Mwanamke aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, kwa hiyo kumwuliza "lini" lilikuwa swali la uhai, na muganga wa kituo cha afya alihitaji jibu lake kabla ya jingine lolote. Wakili naye alihitaji yake. Shida ni kwamba maswali ya muganga na ya wakili yalijaa karatasi nzima. Sisi ma-APS, kama wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wanavyoitwa huku Kivu ya Kusini, hatukuwa na swali letu wenyewe. Tulisikiliza, na kusikiliza ni kazi kubwa. Lakini mtu akishamaliza kusimulia, akajipangusa machozi, akakutazama akingoja, unamwambia nini? Arudi lini, na akirudi mfanye nini?

Kilichoanza kuibomoa fishi ile ni Sange. Jioni ya 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayokata bonde la Ruzizi. Mafuta yakamwagika, watu wakatoka na bidoni na sufuria kuyachota, moto ukawaka. Wengine uliwakuta ndani ya vibanda vya video wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya 230.

Kwenye fishi hapakuwa na nafasi ya moto. Hapakuwa na mshambuliaji wala sare ya kueleza. Na waliofiwa hawakuhitaji kuulizwa kilichotokea, maana bonde zima lilijua. Kwa mzazi aliyempa mtoto bidoni akamwambia "kimbia, wenzako wanachota", kilichokuwa kikimla ni wazo moja tu: ni mimi nilimtuma. Ili kumsaidia mtu huyo lazima ujue kama analala, kama bado anakula sahani moja na wenzake, anawatendeaje watoto waliobaki, na kama yuko tayari kumfuata yule aliyekufa. Hayo yote hayakuwa na mstari. Tukaanza kuyaandika nyuma ya karatasi, kila mmoja kwa namna yake, na baada ya muda nyuma ya fishi ikawa ndiyo tunayoisoma kwanza mgonjwa anaporudi.

Mwaka uliofuata, 2011, baadhi ya wenzetu wa mashariki ya Kongo walifundishwa tiba iliyotoka Marekani, ijulikanayo kwa herufi CPT. Ni tiba ya kuyachambua mawazo yanayomfunga mtu kwenye jambo lililompata: kwamba alijitakia, kwamba hana thamani tena, kwamba hakuna mtu wa kuaminika duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakishirikiana na shirika la IRC waliipima kwa wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipata mkutano mmoja wa faragha na 11 ya kikundi; katika vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja kama tuliouzoea. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi katika vijiji vya CPT walikuwa asilimia 9, na katika vile vingine asilimia 42. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine. Waliotoa tiba walikuwa ma-APS wenye elimu ya sekondari. Hawakuwa na digrii ya saikolojia.

Mimi sikuwa miongoni mwao. Nilijifunza baadaye kutoka kwao. Watu wengi huutaja utafiti huo kwa sababu ya tarakimu hizo, na ni haki yao. Mimi kilichonibadilisha ni maswali yaliyoulizwa kabla ya tiba kuanza. Yalikuwa katika lugha tano, Kiswahili, Kifuliiru, Kibembe, Mashi na Kihavu, na pamoja na dalili waliuliza kuhusu kazi za kila siku: mama huyu anapata shida kiasi gani kulima, kupika, kulea watoto, kuuza, kukaa na wenzake. Kwa mara ya kwanza nikaona karatasi inayouliza jinsi mtu anavyoishi.

Tulipoyaleta maswali ya namna hiyo kituoni kwetu tuliyawekea punje za maharagwe. Mezani tunaweka kisahani na punje tatu. Nikitaja kazi, mama anaweka punje mwenyewe: asipopata shida haweki kitu, akishindwa kabisa anaweka zote tatu. Asiyejua kusoma anajipima sawa na mwalimu wa shule. Na mikono husema mambo ambayo mdomo haukupanga kuyasema. Nakumbuka mama mmoja aliyeweka tatu kwenye kupika, akazitazama, akaondoa mbili. "Hapana, dada. Nikipikia watoto ni moja. Nikipikia shemeji yangu ni tatu." Hapo mazungumzo ya siku ile yakawa yameanza kweli, na hayakuwa juu ya jiko.

Kisa kingine nitakieleza kwa urefu, kwa sababu ndicho ninachowasimulia vijana wanaoanza kazi hii. Mambo kadhaa ya maisha ya mhusika nimeyabadilisha ili asitambulike. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mito iliyoteremka milimani, Mulongwe ukitangulia, ilivamia mji ikabeba nyumba na kuua makumi ya watu. Miezi michache baadaye alikuja kwetu mama muuza ndagala. Tangu mafuriko hakuwa amerudi ufukweni wala sokoni. Mdogo wake aliyemleta alikuwa na jibu tayari: "Anaogopa maji." Lilikuwa jibu zuri. Kitabu chochote cha tiba kingekubaliana naye, na mpango ungejiandika wenyewe: wiki ya kwanza alitazame ziwa kutoka barabarani, ya pili ashuke hadi kwenye mitumbwi, na kuendelea hivyo.

Tukatoa maharagwe. Kulala aliweka mbili. Kununua ndagala ufukweni, tatu. Kuuza sokoni, tatu. Kuchota maji mtoni, hakuweka kitu. Nikairudia hiyo ya mwisho. Kumbe alikuwa akichota kila asubuhi kwenye mto uleule uliomchukulia nyumba. Basi nikamwuliza: mama, ufukweni na sokoni kuna nani? Alikaa kimya akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Kisha akaanza kusema habari za likelemba, mchango wao wa zamu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza fedha wa kikundi chao. Fedha za zamu zilikuwa sandukuni, sanduku lilikuwa chumbani, na chumba kilikwenda na maji. Wenzake hawakuwa wamemdai. Lakini alikuwa na hakika kwamba wanasema amezificha, na kwamba akionekana tu ataitwa mwizi mbele ya watu.

Mpango wake haukugusa maji hata kidogo. Wakati huo tulikuwa tumeshaacha visanduku. Tunaandika kwenye kaye (daftari), safu tatu. Ya kwanza ni anachotaka kirudi katika maisha yake, kwa maneno yake. Ya pili ni atakachofanya kabla ya randevu ijayo, kitu kidogo ambacho ana uwezo nacho. Ya tatu ni nitakachofanya mimi. Safu hiyo ya tatu naipenda kuliko zote, kwa sababu inampa mgonjwa haki ya kuniuliza, "Na wewe, dada, ulifanya?" Huyu mama alichagua mwenzake mmoja wa kikundi anayemwamini, akamweleza. Mimi niliahidi kumsindikiza kwa mwenyekiti wao endapo angetaka. Katikati tulilichambua lile wazo: nani hasa amekuita mwizi, ulimsikia kwa masikio yako, na kama angekuwa mwenzako aliyepoteza sanduku ungemwambia nini? Randevu tuliziweka siku za mbalamwezi, kwa kuwa siku hizo taa za wavuvi hazivuti ndagala na wanawake wa ufukweni wana nafasi. Kikundi kilikubali alipe kidogo kidogo kila zamu. Alirudi sokoni. Usingizi ulichukua muda mrefu zaidi, na ndoto za usiku ule hazikumwacha kabisa, lakini alikuwa akizibeba huku anafanya kazi na anacheka na watu.

Siku hiyohiyo ya kwanza nilimwuliza pia kama kuna wakati anaona afadhali kufa. Tunamwuliza kila mtu, kwa maneno ya wazi. Zamani wengi wetu tuliliogopa swali hilo tukidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu maradhi ya akili katika vituo vya kawaida, mhGAP, unasema wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujidhuru. Nami nimeona nyuso zikilegea kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo.

Juu ya maombi sisemi mengi. Karibu kila anayefika kwetu amepitia chumba cha maombi, na wengi huendelea kwenda huko. Nauliza tu anaamini ugonjwa umetoka wapi, nani mwingine anamsaidia, na kama ameambiwa aache vidonge au afunge kula. Mchungaji anayekubali kuzungumza nami ana faida kwa mgonjwa kuliko mchungaji niliyemfanya adui. Wanaume ni habari nyingine. Huja wakilalamikia mgongo au tumbo, na ukiwauliza juu ya moyo wananyamaza. Mvuvi ukimwuliza juu ya wavu wake atakuambia yote.

Kisha ukaja mwaka 2025. Goma ilianguka Januari, Bukavu Februari, na wimbi la watu likashuka bondeni. Maelfu wakavuka Ruzizi kuingia Burundi. Mwezi Desemba vita vikafika mjini kwetu. Mipango ya mikutano 12 haina maana kwa mtu ambaye wiki ijayo huenda yuko Bujumbura, Baraka au ng'ambo ya ziwa. Tumejikuta tukiegemea zaidi PM+, mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yenye mikutano mitano: kutuliza mwili, kulivunja tatizo moja vipande vipande, kurudia shughuli zilizoachwa, kuimarisha walio karibu nawe. Na kila mkutano tunaupanga kana kwamba ndio wa mwisho. Mtu asiondoke akiwa amefunguliwa kidonda ambacho hakuna atakayekifunga. Habari za mauaji aliyoyaona zinaweza kungoja. Namna ya kupata usingizi usiku wa leo kwenye ukumbi wa shule wenye watu wengi haiwezi.

Kaye nazo zimebadilika. Majina hayaandikwi tena, ni namba tu, na orodha ya kuziunganisha haikai kituoni. Mgonjwa anaukariri mpango wake, anausema kwa sauti mara moja kabla ya kutoka, kwa sababu karatasi mfukoni inaweza kumletea maneno kwenye kizuizi cha barabarani.

Lililo gumu kuliko yote kwa sasa ni wale wanaohitaji dawa. Uvira tumezoea njia mbili: kupanda kwenda Bukavu, kwenye hospitali ya SOSAME ya Mabroda wa Upendo, au kuvuka Kavimvira kwenda Kamenge upande wa Bujumbura, kwenye kituo kingine cha mabroda haohao. Barabara ikifungwa na mpaka ukifungwa, zote mbili zimekwisha. Mwenye kifafa akikatiziwa phenobarbital ghafla, degedege hurudi kwa nguvu na inaweza kumwua. Aliyetulia kwa haloperidol anaweza kurudi barabarani akiwa uchi, na siku hizi mtu aliyechanganyikiwa akizurura usiku anaweza kupigwa risasi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia ni vidonge vimebaki vya siku ngapi. Tunaandika jina la dawa na kipimo, tunatafuta nani ana ndugu upande wa pili anayeweza kununua, tunapiga simu mchana huohuo. Habari za vita tunaziuliza baadaye.