Muuaji Alipokuwa na Ukoo

Kijana wa leo aliyezoea hadithi za mpelelezi anayemwinda muuaji wa mfululizo atakutajia Sherlock Holmes papo hapo, lakini ukimtajia Bwana Msa atadhani unamsalimia jirani. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya mpelelezi huyo Bwana Msa iliyoandikwa na Muhammed Said Abdulla, ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 ikachapishwa 1960. Uhesabu umri wake kwa ushindi au kwa chapa, haidhuru. La maana ni kwamba katika hadithi zake maiti alikuwa na watu. Kabla ya kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari na baadaye la Mkulima, Abdulla alianza kazi mwaka 1938 katika idara ya afya Unguja, akiwa mkaguzi. Ni kazi ya kuingia majikoni mwa watu, kufunua vyungu, kunusa samaki aliyelala, kuuliza nyama imetoka bucha gani na nani kaipokea mlangoni. Anayeifanya hujua upesi kwamba harufu huwahi kufika kuliko maelezo ya mwenye nyumba. Bwana Msa, kiko mdomoni na msaidizi wake Najum pembeni, anapeleleza vivyo hivyo: anawaacha watu waseme, kisha anarudi kwenye swali ambalo kila Mswahili hulijua, huyu ni mtoto wa nani? Mara nyingi fumbo hufumbuka kwenye nasaba iliyofichwa, ndoa isiyotajwa, mtoto aliyelelewa kwa jina lisilo lake.

Swali hilo ndilo lililopotea. Elvis Musiba alipotuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974, tulipata jasusi mwenye bastola, na adui aliyetoka nje. Watetezi watasema vita vya ukombozi kusini mwa Afrika havikuwa vya kusuluhishwa barazani, na ni kweli. Gamba alikuwa na haki ya kukimbia. Ila waandishi waliomfuata walichukua mbio wakaiacha sababu. Ben Mtobwa alikuwa na mkono mwepesi zaidi, na mpelelezi wake Joram Kiango anaujua usiku wa Dar es Salaam. Hata hivyo jina la riwaya yake Najisikia Kuua Tena latosha kuonyesha tulipofika: kuua kumekuwa hamu, wala si deni la ukoo.

Hapo nitajibiwa kwamba mji umekua, na muuaji wa mfululizo ni zao la mji wa wageni, ambako anayekufa hajuani na anayemuua. Hoja ina uzito, lakini mji wetu haujawa wa wageni kiasi hicho. Mpangaji wa Manzese ana mwenye nyumba, ana mjumbe wa nyumba kumi, ana mama ntilie anayemkopesha chakula na kukumbuka siku aliyoacha kuja kula. Hao wote ni mashahidi, na mpelelezi wa kisasa anawapita kama nguzo za umeme. Zilikuja hadithi za kuendelea magazetini, zikaja za simu, na kila sehemu ilidai maiti wake ili msomaji arudi kesho. Leo maiti wa sita huanguka kabla mtu hajauliza wa kwanza alikuwa amepanga kwa nani.