Faili Lililokataa Kufunguka

Asubuhi moja ya masika nilikaa mbele ya kompyuta yangu hapa Kamuli, wilayani Kyerwa, nikasoma sentensi moja mara saba. Haikuwa sentensi ya mshairi. Ilikuwa ya mashine, nayo ilisema kwa Kiingereza kwamba faili nililotaka kulifungua linatumiwa na mtu mwingine. Nyumbani nilikuwa peke yangu.

Ndani ya faili hilo mlikuwamo maneno elfu moja na mia mbili ya Kinyambo, pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Msamiati wa lugha hii ulikwisha kutolewa mwaka 2002 na Profesa Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wala mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sikukusudia kushindana naye. Nilikuwa nikikusanya maneno ya shambani tu: majina ya aina za migomba, hatua za kuivisha ndizi shimoni, vyombo vya kukamulia rubisi. Zaidi ya nusu ya maneno hayo nilipewa na bibi mmoja jirani yangu. Tulikuwa tumemzika miezi miwili kabla ya asubuhi ile.

Huenda ukauliza kwa nini sikutosheka na daftari. Nomino za Kinyambo kwa kawaida huanza na irabu: mtu ni omuntu, watu ni abantu. Ukizipanga kwa alfabeti, karibu zote zitarundikana chini ya A, E na O. Katika kanzidata nilitenga safu moja ya neno zima na safu nyingine ya mzizi, nikapanga kwa mzizi, na omuntu akakutana na abantu wake kwenye -ntu. Nililipenda pia jina lenyewe. Wengine husema hifadhidata. Mimi huchagua kanzidata, kwa kuwa kanzi ni hazina iliyofichwa. Sikuwaza kwamba hazina huweza kumfichikia hata mwenyewe.

Usiku uliotangulia nilikuwa nikiingiza maneno, faili likiwa ndani ya flashi. Umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilikwisha kufa zamani, hivyo mashine ikazimika papo hapo, nami gizani nikaichomoa flashi nikaenda kulala. Kosa lilikuwa langu.

Asubuhi, baada ya kusoma mara saba bila faida, nilichukua karatasi nikautafsiri ujumbe ule kwa Kiswahili, kisha nikajiuliza swali nililokuwa nikiwauliza wanafunzi: mtenda ni nani? Mtenda alikuwa mimi mwenyewe wa jana usiku. Programu ya Access, kila inapofungua faili, huweka pembeni yake kijifaili chenye jina lilelile na kikomo cha laccdb. Hicho ni kufuli la kuwazuia watu wawili wasiharibiane kazi. Faili likifungwa vyema, kufuli huondolewa. Langu halikufungwa; kufuli likabaki mlangoni na aliyelitia hayupo. Nilipohakikisha kwamba hakuna mwingine anayelitumia faili, nilikifuta kijifaili kile, nikajaribu tena. Safari hii mashine ikasema faili limeharibika na linahitaji kukarabatiwa.

Hapo nikaogopa. Nikapanda bodaboda hadi Nkwenda, kwa kijana mmoja mwenye duka la kutoa fotokopi. Alipoichomeka flashi, kompyuta yake ilitoa ujumbe mwingine kabisa: umbo la kanzidata halitambuliki. Mimi nilisoma: maneno yamepotea.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Programu ya mashine hii ni ya 2003. Faili lako ni la mtindo ulioanza na toleo la 2007. Hata lingekuwa zima, hapa lisingefunguka."

Akanieleza kwamba faili za zamani huishia na mdb, hizi mpya huishia na accdb, na kwamba hata programu mpya zina wasiyemjua: tangu toleo la 2013, Access haifungui faili za mtindo wa 1997. Nikakumbuka miswada ya tenzi zetu iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Asiyeijua hati ile akifunuliwa mswada, ataona mistari na nukta. Hana haki ya kusema kwamba utenzi umepotea.

Kisha akaniuliza, "Umelinakili kwanza?" Sikuwa nimelinakili. Ukarabati huweza kutupa rekodi zilizoharibika, na ukiufanya juu ya faili pekee ulilo nalo, huna pa kurudi. Tukahamia kwenye kompyuta yake nyingine yenye toleo jipya, tukanakili faili kutoka kwenye flashi, tukaipa nakala hiyo amri ya kubana na kukarabati. Haikusaidia. Ndipo akaunda kanzidata mpya, tupu, akaanza kuyaingiza majedwali ya ile ya zamani moja baada ya jingine. Lilipokuja jedwali la maneno niliinuka kitini.

Mwishoni mwake palikuwa na rekodi kumi na moja zenye alama zisizosomeka. Ni maneno ya usiku ule. Vipande vya karatasi nilivyoyaandikia mbele ya bibi nilikuwa nikivitia motoni kila nilipomaliza kuviingiza, nikijiona mtu wa kisasa.

Nilikwenda kwa binti yake, nikamkuta akimenya ndizi. Sikumficha kitu. Tulikaa mpaka jioni, nikimtajia maneno yaliyosalimika karibu na yale yaliyopotea, naye akifuata njia ya mama yake kutoka mgombani hadi shimoni. Alikumbuka manane. Matatu hayakuja. Moja najua lilihusu majani yanayofunika ndizi shimoni. Maana ninayo, jina lake sina.

Siku hizi nina nakala ndani ya kompyuta na nyingine ndani ya flashi, ambayo siichomoi kabla ya kuiaga mashine. Ninayo pia nakala ya maandishi matupu, ambayo karibu programu yoyote itaifungua. Ya nne nimeichapa kwenye karatasi, ipo nyumbani kwa binti wa bibi. Nafasi tatu nimeziacha wazi humo, na namba zake. Binti ameniambia, "Mwalimu, muulize dada yangu aliyeolewa Bugene. Yeye ndiye aliyekuwa akifunika shimo na mama." Nitakwenda baada ya kuvuna kahawa, na karatasi nitakazoandika huko sitazichoma.